Mama Fundi Anajibu: Siku ya Kurudisha Utaanzia Wapi?

Barua za safari hii nyingi zimeangukia jambo moja, kunakili. Yupo anayenakili programu, yupo anayenakili diski, yupo anayetaka kuibeba Windows mzimamzima kutoka mashine hii hadi ile. Wengi wanamalizia na "nitumie programu gani ya bekapu?" Nami, mnisamehe, huwa najibu swali kwa swali: siku kompyuta ikikata roho, unataka urudishiwe nini, na uko tayari kungoja kwa muda gani? Anayetaka picha zake tu na anayetaka mashine iwake vilevile ilivyokuwa jana, programu zote zikiwa mahali pake, hawahitaji nakala ya aina moja. Tuanze.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina programu ya uhasibu kwenye kompyuta ya zamani, CD yake ilishapotea. Nimeingia Program Files, nikaburuta folda yake yote hadi kwenye flashi, nikaiweka kwenye laptopu mpya. Nikibofya inaniambia faili fulani la DLL halipo. Nikalitafuta mtandaoni, nikaliweka, ikadai jingine. Sasa nimefika la nne. Niendelee?

JIBU: Marahaba. Usiendelee, na hayo manne yafute leo hii kisha pitisha antivirusi. DLL ni vijifaili saidizi ambavyo programu huviita ikifanya kazi, na tovuti zinazovigawa kimojakimoja hujui nani kaviweka na kavitia nini ndani.

Programu ya Windows ikisakinishwa haikai mahali pamoja. Folda uliyoiburuta ni bodi tu la gari. Nyaya zake zimo kwenye rejista, daftari la ndani la mipangilio ya Windows, mipangilio yako imo AppData, mafaili mengine yamejificha ProgramData au System32, na huenda kuna huduma inayojiwasha yenyewe kila mashine inapowaka. Hivyo vyote havikupanda kwenye flashi. Zipo programu zilizotengenezwa makusudi zibebeke, unazinakili na kuondoka zako, lakini za uhasibu ni nadra kuwa hivyo.

Una vitu viwili vya kuokoa, na usivichanganye. Cha kwanza ni hesabu zenyewe. Fungua programu kwenye mashine ya zamani, tafuta ndani ya menyu zake sehemu ya kutoa bekapu, toa faili, liweke sehemu mbili. Usinakili hifadhidata kwa mkono huku programu iko wazi. Unaweza kubeba faili lililokatwa katikati ya kuandikwa, na hutajua mpaka siku unalihitaji.

Cha pili ni programu. Kwanza mwandikie aliyekuuzia. Wengi bado wanayo kumbukumbu ya ununuzi na watakupa kisakinishi. Asipojibu, beba mashine nzima. Microsoft inatoa bure kijiprogramu kiitwacho Disk2vhd, kimo kwenye mkusanyiko wa Sysinternals. Unakiendesha kwenye kompyuta ya zamani ikiwa inawaka, kinaigeuza diski kuwa faili moja kubwa, na faili hilo unalifungua kwenye laptopu mpya ndani ya VirtualBox au Hyper-V. Kompyuta yako ya zamani itaishi kama windo ndani ya mpya. Inaweza kudai leseni ya Windows upya, maana leseni iliyokuja na mashine imefungwa kwenye mashine ile, hilo ulitarajie. Na diski ya nje utakayohifadhia faili hilo isiwe na mfumo wa FAT32, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ifomati NTFS au exFAT, baada ya kuhakikisha haina kitu unachokipenda.

SWALI: Mama Fundi, nimenunua SSD ya GB 500 ichukue nafasi ya diski yangu ya TB 1. Nilichotumia kwenye hiyo diski ni GB 210 tu. Nimewasha Clonezilla, programu ya kunakili diski, inakataa, inasema diski pokezi ni ndogo. Mdogo wangu anasema nisakinishe Windows upya. Nina programu nyingi mno za kuanza upya.

JIBU: Mdogo wako hajakosea, ila hajaulizwa nani atakayesakinisha hizo programu.

Clonezilla haiangalii umetumia kiasi gani, inaangalia sehemu za diski zimechukua ukubwa gani. Sehemu yako ya C ina karibu GB 930, hata kama robo tatu yake ni hewa. Kwa hiyo ipunguze kwanza. Ingia Disk Management, bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua kupunguza. Windows huenda ikakugomea ikafika nusu tu. Sababu ni mafaili yasiyosogezeka: la kulalia (hibernation), la kumbukumbu pepe (pagefile), na vituo vya kurejeshea mfumo (restore points). Vizime vyote vitatu kwa muda, washa upya, jaribu tena. Kisha tazama mwisho kabisa wa mchoro wa diski. Mara nyingi pale kuna kisehemu kidogo cha uokoaji, na hata ukiipunguza C hadi GB 300, hicho bado kimekaa huko mbali kwenye GB 930, nje ya SSD yako. Kisogeze kwa GParted, programu ya kupanga sehemu za diski, hadi kigusane na C. Hapo ndipo uingie Clonezilla kwa hali ya wataalamu, uiambie isikague ukubwa wa diski, chaguo lenye herufi icds, na igawe sehemu kwa uwiano, lile la k1.

Ukiona hayo ni marefu, tazama kwanza kama mtengenezaji wa SSD yako anatoa programu yake ya kuhamishia. Wengi wanatoa bure, inafanya kazi na SSD zao tu, na kazi ya kupunguza inaifanya yenyewe. Mimi naitumia bila haya.

Mambo mawili huwakwamisha watu kabla hata hawajaanza. Windows ya siku hizi ukiizima haizimiki kikweli, inalala nusu ili iwake haraka, na Clonezilla ikikuta diski iliyolala inagoma kuigusa. Shikilia Shift huku ukibofya kuzima. La pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, tafuta funguo yako ya tarakimu 48 sasa hivi, iandike karatasini, kisha sitisha BitLocker kabla ya kuhamisha. Nimeona watu wazima wakilia kwa ajili ya tarakimu 48.

Muda: kama adapta unayounganishia SSD ni ya USB 2.0, kwa kasi ya kawaida ya MB 35 hivi kwa sekunde, GB 210 ni saa moja na dakika arobaini. Tumia tundu la USB 3, mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani.

Sasa nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungulia. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nililetewa diski ya mwanafunzi mmoja, imebeba miezi minane ya uandishi wake. Nikanunua nyingine inayofanana nayo kabisa, kampuni ileile, ukubwa uleule, hata karatasi yake ya juu ni ileile. Nikazichomeka zote mbili, nikatumia amri ya dd ya Linux. Amri hiyo haina adabu wala maswali: unaiambia isome wapi, kwa herufi if, na iandike wapi, kwa herufi of. Moja Linux iliipa jina sda, nyingine sdb. Nikaandika, nikabonyeza Enter, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi imemaliza, haikutoa kosa hata moja. Nikachomoa, nikaiwasha mpya, tupu. Nikasema labda haijashika. Nikaiwasha ya zamani, tupu. Zililingana hadi baiti ya mwisho: nilikuwa nimetengeneza nakala kamili ya utupu. Kilichomwokoa yule binti si mimi, ni barua pepe alizokuwa akimtumia msimamizi wake. Sura tatu kati ya tano zilipatikana humo. Zile mbili aliziandika upya, na alikuwa muungwana kuliko nilivyostahili.

Tangu siku hiyo mezani kwangu kuna gundi ya utepe na kalamu. Kila diski, kabla ya kuchomekwa, nasoma namba yake ya utambulisho (serial) iliyochapwa kwenye lebo, naandika tarakimu nne za mwisho juu ya kipande cha gundi, pamoja na neno CHANZO au POKEZI. Kisha kwenye skrini sisomi sda wala sdb, kwa sababu majina hayo yanaweza kubadilika ukiwasha upya. Naandika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, nalinganisha zile tarakimu nne kwa kidole, kwa sauti. Clonezilla nayo inakuonyesha namba hiyo kwenye orodha ya diski, na inakuuliza mara mbili kabla ya kuandika. Watu hubonyeza y, y, bila kusoma. Wewe soma.

Ukimaliza, zima, ichomoe diski ya zamani, uiwashe kompyuta na SSD peke yake. Ikiwaka, itumie wiki mbili kabla hujaifuta ile ya zamani.

SWALI: Nimekloni vizuri, ila nimeziacha diski zote mbili ndani. Windows inaonyesha ile mpya ipo offline. Nibofye niiwashe?

JIBU: Hapana. Zote mbili zina alama moja ya utambulisho, kwa kuwa umenakili hadi alama. Windows haikubali pacha, kwa hiyo moja imefungiwa nje. Ukiilazimisha iingie, Windows itaibadilishia alama, na nakala hiyo inaweza kugoma kuwaka baadaye. Zima, chomoa ya zamani, washa na mpya.

SWALI: Hujambo Mama Fundi. Diski yangu ya nje inasikika ka, ka, ka, halafu kimya. Kompyuta inaiona mara nyingine. Nimeendesha chkdsk mara mbili bila mafanikio. Rafiki kasema niitie kwenye friza usiku mmoja. Ina picha za mama yangu, marehemu.

JIBU: Sijambo, na pole sana. Ichomoe sasa hivi, usiichomeke tena mpaka umemaliza kunisoma.

Friza hapana. Diski ikitoka kwenye baridi inatoa jasho, unyevu unakaa juu ya sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinapita juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Chkdsk nayo ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Kazi yake ni kuupanga mfumo wa mafaili, na ili aupange anaandika juu ya diski. Diski inayokufa haiandikwi.

Mlio wa ka, ka, ka maana yake mara nyingi ni kichwa kinatafuta njia hakiioni. Hilo ni tatizo la chuma, wala hakuna programu inayotibu chuma. Kila dakika inapozunguka inaweza kujikwangua. Kwa picha za marehemu mama, mimi nisingejaribu mwenyewe. Ningeipeleka kwa wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi, nikajua mapema kuwa si kazi rahisi na hawaahidi.

Nawajibu pia wengine wenye diski isiyopiga kelele ila inasoma kwa kusuasua. Angalieni taarifa zake za SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, hasa namba 5 na namba 197. Ya kwanza inahesabu sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika, ya pili zinazosubiri hukumu. Zikipanda kila siku, anzeni kuokoa. Chombo cha kazi hiyo ni ddrescue ya GNU. Uzuri wake ni subira. Nakala ya kawaida ikifika penye kovu inang'ang'ana hapohapo mpaka diski inakufa mikononi. Ddrescue inapita kwanza palipo pazuri, inaokota kila kinachosomeka kirahisi, inaandika ramani ya palipogoma, ndipo inarudi kuparua makovu. Ukikatika umeme, ramani ile inaiambia ilipoishia. Matokeo yaende kwenye diski nyingine yenye afya, kubwa zaidi, na kazi yote ya kutafuta picha ifanywe kwenye nakala. Ile gonjwa iachwe ipumzike.

SWALI: Mimi sihangaiki na bekapu kwa sababu folda yangu inajisawazisha na wingu. Lakini juzi mtoto kafuta folda ya picha kwenye laptopu, nikaangalia simu, nako zimeondoka! Wingu limeniibia?

JIBU: Halijakuibia, limekutii. Kusawazisha ni kioo. Ukitabasamu kinatabasamu, ukifuta kinafuta. Kimbilia pipa la taka la huko mtandaoni, usiliangalie la laptopu. Google Drive hukaa na vilivyofutwa siku 30, OneDrive ya mtu binafsi vilevile siku 30. Juzi bado uko ndani.

Baada ya hapo tafuta diski ya nje, nakili, kisha ichomoe. Neno "ichomoe" ndilo zito hapa. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilifunga pia yaliyokuwa kwenye diski za bekapu zilizoachwa zimechomekwa, kwa sababu kwa kirusi diski iliyochomekwa ni folda nyingine tu. Mpigapicha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyelieneza hesabu wanayoitumia mafundi wengi, 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Wingu lako lihesabu kuwa moja. Bado mbili.

SWALI: Naweza kumkopesha jirani nakala ya programu niliyoinunua, kama bekapu?

JIBU: Bekapu ni yako ukiharibikiwa. Jirani akiitumia, hiyo ni nakala ya pili inayofanya kazi, na leseni nyingi ni za mtumiaji mmoja au mashine moja. Soma yako. Kisha mwambie jirani kuna LibreOffice ya kazi za ofisi na GIMP ya picha, zote za bure, hazihitaji kukopeshana kwa kificho.

SWALI: Mama Fundi, bekapu yangu inajiendesha saa nane usiku, huu mwaka wa tatu, nalala usingizi. Sijawahi kuifungua. Nimesoma mahali kwamba niijaribu, ila sijui kuijaribu ni kufanya nini hasa.

JIBU: Wewe ndiye nimekuweka wa mwisho ili nikupe nafasi.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikuwa akipigana usiku na hifadhidata iliyozidiwa. Akafuta folda akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili. Katika GB 300 hivi zilibaki GB 4.5. Wakaenda kwenye bekapu za kila siku, wakakuta hamna kitu: chombo cha kutolea nakala kilikuwa toleo la 9.2 na hifadhidata ni 9.6, hivyo kila usiku kilianza na kushindwa. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba imeshindikana nazo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliitengeneza kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wenyewe waliyaandika haya hadharani, ndiyo maana nayajua kwa undani, na nawaheshimu kwa hilo.

Hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hii. Wewe na mimi je?

Kwa hiyo jioni ya leo fungua mahali bekapu inapokaa, panga kwa tarehe, tazama ya juu ni ya lini na ina ukubwa gani. Tarehe ikiwa ya jana lakini ukubwa ni KB chache, umeshapata habari. Kisha chagua faili moja ulilolifanyia kazi wiki hii na moja la mwaka jana, yarudishe kwenye folda mpya, usiyarudishe juu ya yale ya asili, halafu yafungue. Kuliona jina lake hakutoshi. Fungua picha uitazame, fungua hesabu usome jumla.

Kama unachotunza ni taswira, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili, kazi inaendelea. Je, unayo flashi ya uokoaji ya programu hiyo? Iwashie kompyuta kwayo, ufike mpaka kwenye skrini inayoorodhesha bekapu zako, uhakikishe inaiona diski ya nje na kibodi inafanya kazi. Watu wengi hugundua hapa kwamba flashi iliundwa kwa ajili ya kompyuta ya zamani, au nenosiri la kufungulia taswira limehifadhiwa ndani ya taswira hiyohiyo. Ukiwa na diski ya ziada, rudisha taswira yote juu yake, uiweke ndani, uwashe. Usisahau gundi na tarakimu nne.

Ukifungua ukakuta bekapu ya mwisho iliyokamilika ni ya mwaka juzi, niandikie. Sitakucheka. Nitumie na ujumbe wa kosa neno kwa neno, jina la programu na toleo lake, tuitafute sababu pamoja katika safu ijayo.